Mama ana moyo kutanuka, anaruka Lasix siku za kanisani na miguu imeanza kuvimba, nifanyeje?

Swali limetoka kwa binti wa Mwandiga anayeuza dagaa pale Kibirizi. Kaandika hivi: "Shikamoo mama nesi. Mama yangu ana miaka 61, mwezi uliopita alilazwa wakasema moyo umetanuka, akaruhusiwa na dawa tano: Lasix ya kutoa maji, spironolaktoni, enalaprili, kavediloli na digoksini nusu kidonge. Shida Lasix inamkojoza sana, siku za kanisani na siku za kikundi anairuka. Sasa usiku anakohoa, analalia mito mitatu, na juzi viatu vilikataa kuingia. Jirani anasema kikohozi kinatokana na dawa ya presha tumwachishe. Magoti nayo yanamuuma nikamnunulia diklofenaki. Kliniki ni baada ya wiki tatu. Mi naondoka alfajiri kwenda mwaloni, anabaki na mwanangu wa darasa la sita. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Mi ni nesi, wodi ya wanawake nimekaa miaka mingi na sahivi niko kliniki ya presha na moyo hapa hapa Kigoma, ntakujibu kama vile mmekaa wote wawili kwenye benchi mbele yangu.

La kwanza kabisa, hizo wiki tatu usizisubiri. Mtu aliyekuwa analala vizuri sasa anataka mito mitatu, usiku anakohoa, viatu vimekataa, huyo maji yamerudi mwilini. Kesho asubuhi dagaa waache kwanza, mpeleke hospitali, na ubebe dawa zote kwenye mfuko pamoja na hiyo diklofenaki, usione aibu kuitoa. Na ikitokea usiku huu anashindwa kupumua hata akiwa amekaa, au anatoa povu lenye rangi ya pinki, au kifua kinambana, au anazimia, hapo hakuna cha kesho. Mkalishe wima miguu ining'inie, usimlaze chali, usimlazimishe kunywa maji, tafuta bajaji au gari, bodaboda sio kwa mtu wa hivo maana hana nguvu ya kujishikilia.

Sasa tuje kwenye kikohozi maana hapo ndo jirani yako amewachanganya, ingawa hakusema uongo wote. Enalaprili kweli inaweza kuleta kikohozi, na wanawake ndo kinawapata zaidi. Ila kikohozi chake ni kikavu, kama kuna nyoya linamtekenya kooni, kinakuja mchana na usiku, amelala au amesimama, na hakimpandishi pumzi wala hakimvimbishi miguu. Kikohozi cha maji ni kingine. Mchana unamwona afadhali, akishalala tu masaa mawili matatu anakurupuka, anakaa kitandani anahema, anataka dirisha lifunguliwe, akikaa dakika kadhaa anatulia. Sababu yake ni kwamba mchana kutwa maji yanakaa miguuni, akilala yanarudi kwenye damu, moyo dhaifu unashindwa kuyasukuma, yanaishia kwenye mapafu. Ndo maana sisi manesi tunauliza "unalalia mito mingapi?" na wagonjwa wanatushangaa. Kwa ulivyonieleza cha mama ni cha maji. Mkimwachisha enalaprili kwa ajili ya kikohozi hiki mtakuwa mmeondoa nguzo wakati paa ndo linavuja. Na hata kingekuwa ni kile kikavu cha dawa, hamwachi tu hivihivi, daktari anambadilishia, mara nyingi anampa losatani ambayo inafanya kazi karibu ile ile bila kukohoza.

Kuna kitu kimoja tu kwenye enalaprili ambacho mnaiacha hapo hapo bila kuuliza mtu: midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla. Hiyo ni kukimbia hospitali na asiinywe tena maisha yake yote.

Haya, Lasix. Naomba nikae hapa kidogo maana ndo kiini cha swali lako na ndo jambo linaloniuma kuliko yote kwenye kazi yangu. Zamani nikiwa zamu ya usiku alikuja bibi mmoja, kaletwa na binti zake, kakaa ameinamia mbele mikono imeshika ukingo wa kitanda, anahema ukimsikia kutoka mlangoni, jasho la baridi, kifua kinachemka kama chungu cha maharage. Alikuwa ametoka harusini Kasulu. Siku ya safari aliacha Lasix sababu ya basi, siku ya harusi akaiacha sababu ya kitenge kipya na choo kiko mbali, siku ya kurudi akaiacha tena sababu ya basi. Siku tatu tu. Njiani akaanza kukohoa wakampa asali na tangawizi. Tulimweka oksijeni, tukamchoma Lasix ya mshipa, nikakaa naye nahesabu mkojo kwenye mfuko, ilipofika alfajiri lita moja na nusu imetoka ndo akaweza kusema sentensi nzima. Lita moja na nusu mwanangu, yote hiyo ilikuwa inamzamisha akiwa nchi kavu.

Kwa hiyo mama hakosei kuchukia kukojoa, anakosea kudhani dawa ina saa moja tu ya kunywewa. Kidonge cha Lasix kinaanza kazi ndani ya saa moja, kinakuwa mkali saa ya kwanza na ya pili, afu kinaendelea mpaka kama masaa 6 hivi kinaisha. Ukijua hilo unaweza kukipangia. Jumapili ibada ni saa 3 asubuhi? Asinywe saa 1 akateseka kanisani, anywe akirudi saa 7 au 8 mchana akiwa karibu na choo chake. Siku ya kikundi hivyo hivyo, kama wanakutana jioni anywe saa 12 asubuhi, mpaka mchana yameisha. Mwisho wa kuinywa uwe kama saa 10 jioni, zaidi ya hapo atakuwa anaamka usiku kwenda msalani gizani na huko ndo wazee wanavunjika nyonga. Kusogeza masaa ndani ya siku ile ile ni sawa, kuruka siku ndo hapana. Na hiyo ratiba mwambie daktari kesho aiandike kwenye kadi, ili mama aione imeandikwa, wazee wetu kadi wanaiheshimu kuliko sisi watoto wao.

Jingine linalowapoteza wengi ni jina "dawa za presha". Enalaprili na kavediloli watu wanaziita hivyo sababu hata mwenye presha tu anapewa, sasa mama akipimwa akiambiwa 110 kwa 70 anaona amepona, anaweka kando. Kwa mama yako hizo hazikuletwa kwa ajili ya ile namba. Enalaprili inailegeza mishipa ili moyo usukume bila kubebeshwa mzigo. Kavediloli inaupunguzia moyo mbio, upumzike, na baada ya miezi kadhaa misuli inapata ahueni, wapo watu wakirudia kipimo cha eko, yani picha ya moyo, unakuta moyo unasukuma vizuri kuliko mwanzo. Spironolaktoni inatoa maji kidogo ila kazi yake kubwa ni kuzuia moyo usiendelee kukakamaa na kuharibika. Digoksini inaupa moyo nguvu ya kukaza na kuupunguza kasi. Yani kila moja ina zamu yake. Presha kuwa chini kidogo akiwa na dawa hizi ni kawaida, alimradi hasikii kizunguzungu cha kuanguka. Mfundishe tu asubuhi asiinuke kama askari, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili ndo asimame.

Kavediloli anywe na chakula, sio tumbo tupu, inapunguza hicho kizunguzungu. Wiki za mwanzo inaweza kumfanya ajione mchovu zaidi, ndo maana inaanzwa na dozi ndogo sana, mara nyingi miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, afu daktari anapandisha taratibu baada ya wiki mbili mbili kama hali imetulia. Sio ya kukatisha ghafla, moyo unaweza kurudi mbio vibaya. Kama mama ana pumu na hakusema, kesho aseme.

Digoksini ndo dawa ninayoiogopa nyumbani, sio kwamba ni mbaya, ni kwamba nafasi kati ya dozi ya kutibu na dozi ya sumu ni nyembamba. Asili yake ni mmea, daktari mmoja Mwingereza anaitwa William Withering aliandika habari zake mwaka 1785 na tayari wakati huo alionya kuhusu kuzidisha. Nusu kidonge aliyoandikiwa mama ni nusu, siku mkisahau hamumpi kizima kesho yake kufidia. Dalili za kuzidi zinajificha sana: anakataa chakula, kichefuchefu, anatapika, mnadhani ni malaria. Wengine wanaona vitu vina rangi ya njano au kijani. Mapigo yanakuwa ya polepole au yanarukaruka. Na Lasix inapotoa mkojo inatoka na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, potasiamu ikishuka digoksini inakuwa kali zaidi hata kama dozi ni ile ile. Huku spironolaktoni na enalaprili zenyewe zinaipandisha potasiamu, na ikipanda sana nayo inaweza kuusimamisha moyo. Umeona hiyo mizani ilivyo? Haipimwi kwa macho, ni damu. Kwa hiyo kesho omba kabisa, usisubiri wakukumbuke, waangalie potasiamu na kreatinini, ya pili ni ya kujua figo zikoje.

Hapo sasa ndo diklofenaki inapoharibu. Mwanangu ulinunua kwa upendo, nalijua hilo, na hakuna aliyekwambia. Ila diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake wote zinafanya figo ishikilie chumvi na maji, zinaipunguza nguvu Lasix, na zikikutana na enalaprili pamoja na Lasix zinaiumiza figo yenyewe. Yani huku anaruka kidonge cha kutoa maji, huku anameza cha kuyazuia. Sitashangaa kama viatu vimekataa kuanzia wiki aliyoanza hiyo dawa ya magoti. Iache leo. Magoti mpe Panadol za kawaida, vidonge viwili mara tatu kwa siku kama ini lake ni zima, na sio zile za kuyeyuka kwenye maji, zile zina sodiamu nyingi, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia pia.

Na dukani kuna wengine wa kuchunga. Kwinini inapandisha digoksini kwenye damu, baadhi ya antibayotiki kama erithromaisini nazo hivyo hivyo. Septrin ikikutana na spironolaktoni na enalaprili inapandisha potasiamu, na Septrin kwetu watu wananunua kama pipi. Kwa hiyo popote mama akiumwa, iwe malaria iwe mkojo, kadi ya moyo inatangulia mbele, muuzaji au daktari aone dawa tano ndo aandike ya sita. Akipata kuharisha au kutapika siku nzima piga simu kliniki siku hiyo hiyo, maana mwili ukikauka huku anameza dawa hizi figo inaweza kugoma.

Sasa nyumbani. Unasema unaondoka alfajiri na anabaki na mjukuu, sawa, tutafanya na huyo huyo mjukuu.

Nunua mizani ya kusimamia, ile ya kawaida ya mduara, au kama hela haijapatikana ongea na jirani mwenye nayo. Kila asubuhi mama akitoka kukojoa, kabla ya chai, akiwa na khanga tu, apande, namba iandikwe kwenye daftari. Kilo moja ni lita moja ya maji, kumbuka hivo. Hakuna ugali unaomnenepesha mtu kilo 2 kwa siku tatu. Akiongezeka kilo moja au zaidi ndani ya siku moja, au kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, mnapiga simu au mnakwenda hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu mizani inaona mapema kabla ya miguu na miguu inaona kabla ya mapafu.

Miguu unaiangalia hivi: bonyeza kwa dole gumba kwenye mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo, hesabu mpaka kumi polepole, achia. Pakibaki shimo kama umebonyeza unga wa chapati, kuna maji. Ukiona shimo limeanza kupanda kuelekea goti kila siku, yanaongezeka.

Afu mapigo, kabla ya digoksini. Kiganja cha mama kiangalie juu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa dole gumba chini kidogo ya kiganja, usitumie dole gumba lako maana lina mapigo yake utahesabu ya kwako. Akae ametulia dakika tano kwanza. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, moyo wake unaweza kuwa unaruka na nusu dakika itakudanganya. Ikiwa chini ya 60, digoksini ya asubuhi hiyo subirini kwanza, hesabuni tena baada ya saa moja, ikibaki vile pigeni simu kliniki kabla ya kumpa. Kuna wagonjwa daktari anaridhika na namba ya chini kidogo, kwa hiyo kesho muulize ya mama ni ngapi aiandike.

Chumvi. Hapa kwetu naambiwa sana "mama nesi hii ni ya Uvinza, ya asili, haina shida". Mwanangu chumvi ya Uvinza ni chumvi tu, sodiamu ni ile ile inayovuta maji. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, na mama anatakiwa awe chini yake. Na usisahau magadi. Maharage na sombe (kisamvu) tunavyoviwekea magadi ili viive haraka, ile nayo ni sodiamu, watu wanapunguza chumvi wanabaki na magadi wanashangaa. Loweka maharage usiku, yataiva bila hayo. Dagaa wapo wa kumwaga siku zote kwako, mchagulie wasiotiwa chumvi, migebuka ya chumvi muache kabisa. Vile viungo vya pakiti vya mchuzi ni chumvi iliyovaa nguo. Mtilie ndimu, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, sombe atie mawese kidogo tu, ladha ipo. Wiki mbili za kwanza atalalamika chakula hakina ladha afu ulimi unazoea, nimewaona wengi. Ila zile chumvi za madukani wanazosema hazina sodiamu usimnunulie, nyingi zimewekwa potasiamu badala yake na mama tayari ana dawa mbili za kuipandisha. Ndizi na parachichi ale kawaida, asifanye mashindano, mpaka majibu ya damu yatoke.

Maji ya kunywa daktari akikupa kiwango, mara nyingi lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, basi uji, chai na mchuzi vyote vinaingia humo. Jaza chupa asubuhi, kila akinywa uji kikombe mimina kikombe kutoka kwenye chupa, ikiisha imeisha.

Kama kesho watasema anahitaji kurudia eko na kipimo hakipatikani siku hiyo, uliza kama kuna siku madaktari bingwa wa moyo wanakuja mkoani, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar huwa inatuma timu mikoani, si lazima kila mtu apande treni mpaka Muhimbili. Na uwaulize neno kwa neno: Lasix anywe ngapi sasa, siku nikimuona uzito umepanda niongeze nusu au nije? Wengine wanapewa ruhusa ya kuongeza nyumbani, wengine hapana, usijiamulie.

Leo jioni ukirudi, kabla ya kula, mkalishe mwanao. Ahesabu mapigo yako kwanza dakika nzima, wewe uhesabu ya kwako kwa mkono mwingine kimyakimya, mkilingana mara tatu basi ameweza. Afu ndo ahesabu ya bibi yake, aandike kwenye daftari tarehe, mapigo, kilo, mito mingapi. Ukurasa huo wa kwanza ndo utakaoenda nao kesho.